Usiukate Mpapai Dume Kabla Hujanisikia



Upo mti ambao katika vijiji na miji yetu huhukumiwa bila kesi. Mtu kapanda mipapai nyuma ya nyumba, kaimwagilia maji miezi mitano au sita, ikakua ikamzidi kimo. Siku maua yanapotokea, mmoja wao unatoa vikonyo virefu vinavyoning'inia, vimejaa viua vyembamba vyeupe vyenye harufu nzuri. Jirani anapita, anautazama, anasema, "Huo dume huo, mama, hauna faida." Kabla jua halijatua, panga limeshafanya kazi yake.

Leo nimekuja kuutetea mti huo. Na ili niutetee sawasawa, sina budi kuanzia mbali kidogo, kwenye swali ambalo limewashughulisha wataalamu wa mimea kwa zaidi ya karne moja: kwa nini mmea ambao hautembei, uliokita mizizi mahali pamoja maisha yake yote, ukubali kuwa dume tu au jike tu, ilhali ungeweza kuwa vyote viwili na kujizalia wenyewe?

Tukumbushane kwanza yale ya darasani. Ua ni kiungo cha uzazi. Sehemu yake ya kiume ni stameni, zinazotoa ule unga tunaouita chavua. Sehemu ya kike ina ovari, ambamo mbegu hutungwa baada ya chavua kufika. Mimea iliyo mingi ina sehemu zote mbili ndani ya ua moja. Maharage ni hivyo, mchungwa ni hivyo, mbuni na mkarafuu pia. Mingine hutenganisha maua, ila shina likabaki moja. Muhindi unajulikana: mbelewele za juu ni maua dume, na zile nywele zinazochomoza kwenye ganda la gunzi ni za maua jike. Maboga nayo hufanya vivyo hivyo, na ndiyo maana akina mama wanaochuma maua ya maboga kwa mboga huchagua yale yasiyo na kiboga kidogo chini yake.

Kundi la tatu ndilo linalotuhusu leo. Humo mti mzima ni dume, au mti mzima ni jike. Mpapai umo, ingawa wenyewe una vituko vyake nitakavyovieleza. Mtende umo, na mkindu, ndugu yake wa porini unaotupa ukindu wa mikeka. Mvumo umo. Mng'ongo umo. Mkungumanga wa Unguja na Pemba umo. Ukihesabu duniani kote, mimea ya maua ni kama spishi 300,000, na zile zenye madume na majike mbalimbali ni kama 15,600, kwa hesabu aliyoitoa mtaalamu wa mimea Susanne Renner mwaka 2014. Hiyo ni asilimia tano au sita. Ni wachache, lakini hawakutoka ukoo mmoja. Wametawanyika katika familia nyingi zisizohusiana kwa karibu, na Renner alikadiria kwamba hali hiyo imezuka upya, kila mara peke yake, si chini ya mara 871 na pengine hadi mara 5,000.

Hebu litafakari hilo. Jambo likitokea mara moja katika historia ya viumbe, unaweza kusema ni bahati. Likitokea mamia ya mara, kwenye miti ya misitu ya mvua, kwenye mitende ya jangwani na kwenye vijimea vya visiwani, lazima kuna nguvu inayolisukuma.

Wala hatuanzi na mimea iliyotengana jinsia tangu asili. Mwaka 2017 mtaalamu wa mimea Hervé Sauquet na wenzake walikusanya taarifa za maua ya mamia ya spishi zilizopo leo ili kulichora upya ua la kwanza kabisa, lililoishi zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita. Walichokipata ni ua lenye sehemu ya kiume na ya kike pamoja. Kwa hiyo kila mti dume unaouona, na kila mti jike, umetokana na mababu waliokuwa na vyote viwili wakaacha kimoja.

Binadamu tulichelewa kuelewa haya, ingawa wakulima wa mitende walikuwa wameshayatendea kazi kwa maelfu ya miaka. Katika sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli, takriban miaka 3,750 iliyopita, kuna kifungu kinachomhusu mwenye shamba anayemkabidhi mtunza bustani mitende yake aichavushe. Wasikilizaji Waislamu watakumbuka kwamba suala la kuchavusha mitende limo pia katika hadithi za Mtume, pale Madina. Huko Oman hadi leo mkulima hupanda juu ya mtende jike akiwa na vishada vya maua dume na kuviingiza katikati ya maua jike, na dume mmoja hutosha kwa majike hata hamsini. Upepo ungeweza kuifanya kazi hiyo wenyewe, lakini ungehitaji madume mengi, naye mkulima wa jangwani hana maji ya kuwagawia madume yasiyozaa.

Kwa upande wa sayansi, aliyethibitisha kwamba mimea ina jinsia ni Rudolf Jakob Camerarius, daktari wa mji wa Tübingen, Ujerumani, katika barua aliyoichapisha mwaka 1694. Baadhi ya mimea aliyoijaribu tunaijua vizuri. Alichukua mbarika, akaondoa maua dume kabla hayajamwaga chavua, na mbegu nzuri hazikupatikana. Akachukua muhindi, akakata zile nywele, na punje hazikujaa. Jaribio ambalo mtoto wa shule ya msingi anaweza kulirudia shambani kwa bibi yake ndilo lililofungua mlango.

Basi kutengana jinsia kuna faida gani? Jibu la kwanza, na kwangu ndilo zito zaidi, ni kuepuka kujioa. Mmea unaojichavusha wenyewe unazaa watoto ambao baba yao ndiye mama yao. Kila kiumbe hubeba jeni mbovu kadhaa zilizofichika, zisizodhuru kwa sababu nakala ya pili iliyotoka kwa mzazi mwingine ni nzima. Wazazi wakiwa mmoja, nakala mbovu mbili hukutana kirahisi katika mtoto, naye hudhoofika. Charles Darwin alitumia miaka kumi na moja kulipima jambo hili kwa mikono yake. Alipanda miche iliyotokana na kujichavusha na ile iliyotokana na wazazi wawili, bega kwa bega, kwa spishi zaidi ya 50, na mwaka 1876 akatoa kitabu kuonyesha kwamba mara nyingi watoto wa wazazi wawili walikuwa warefu zaidi, wenye nguvu zaidi na wenye kuzaa mbegu nyingi zaidi. Mti dume hauwezi kujioa hata ungetaka. Mti jike vilevile.

Lakini Darwin huyohuyo hakuridhika na jibu hilo peke yake, nami nadhani alikuwa na haki. Zipo njia nyingine za mmea kujizuia. Ua linaweza kukomaza chavua siku moja na kuwa tayari kupokea siku nyingine. Linaweza kuitambua chavua yake lenyewe na kuikataa. Maelfu ya spishi hufanya hivyo. Kama lengo ni kujiepusha na kujioa tu, kwa nini kulipa gharama kubwa kiasi hiki?

Maana gharama ni kubwa kweli. Katika msitu ambao kila mti una jinsia zote mbili, kila mti unazaa mbegu. Zikitengana, nusu ya miti haizai kamwe. Mti jike unaopoteza chavua umepoteza njia moja kati ya mbili za kurithisha jeni zake, kwa hiyo lazima uifidie. Ama uzae mbegu nyingi zaidi, ama mbegu zake ziwe na afya zaidi ya za majirani, mpaka pengo lizibike. Hapo ndipo sababu ya pili inapoingia. Chakula cha mmea kina kikomo. Kutengeneza chavua ni kazi ya kipindi kifupi, na chavua yenyewe ni nyepesi. Kutengeneza tunda ni kazi ya miezi, yenye kumaliza sukari, maji na madini. Mmea ukiacha kazi moja, nguvu yake yote huenda kwenye nyingine. Jike hupakia matunda. Dume humwaga maua mengi na kwa muda mrefu. Mwaka 1976 wanabiolojia Eric Charnov, John Maynard Smith na James Bull waliliweka wazo hilo katika hesabu: kama faida ya kujikita kwenye kazi moja inakua haraka kuliko hasara ya kuacha nyingine, jinsia hutengana. Isipokuwa hivyo, hubaki pamoja.

Hesabu hii inatueleza kwa nini miti ya namna hii imejaa zaidi nchi za joto, hasa yenye matunda yenye nyama yanayoliwa na ndege na wanyama. Tunda la mng'ongo au la mvumo ni mzigo. Na mti wenye mzigo mkubwa unavutia walaji wengi zaidi, na walaji hao ndio wanaosambaza mbegu.

Sasa tuone jinsi mambo yanavyogeuka, kwa sababu haiwezekani babu awe na jinsia mbili leo, kesho azae dume na jike. Maelezo yanayokubaliwa zaidi yalitolewa mwaka 1978 na Brian na Deborah Charlesworth, mke na mume, wanasayansi wa Uingereza. Yanahitaji ajali mbili za kijeni. Ajali ya kwanza huharibu stameni. Mmea ulioathirika unabaki jike, na kwa kuwa hauwezi kujichavusha, watoto wake wote wana wazazi wawili, hivyo ni wazima kuliko watoto wa majirani wanaojioa. Majike huongezeka. Majike yakishakuwa mengi, chavua inageuka bidhaa adimu yenye soko, na mmea wa jinsia mbili unaotoa chavua nyingi zaidi unafaidika hata ukizaa mbegu kidogo. Hapo ndipo ajali ya pili inapopokelewa vizuri: ile inayozima sehemu ya kike. Mmea huo ni dume.

Tatizo ni kwamba ajali hizi mbili zimekaa kwenye sehemu mbili tofauti za jeni, na kila kizazi jeni huchanganywa upya. Zikiachana, unaweza kupata mmea uliozimwa pande zote mbili, tasa kabisa. Kwa hiyo uteuzi wa asili huzifunga pamoja zisitenganishwe, kama doti ya kanga inavyotoka dukani, vipande viwili ambavyo havijakatwa. Eneo hilo la kromosomu huacha kuchanganyika na mwenzake. Na hapo, pasipokuwa na aliyepanga, mmea umepata kromosomu za jinsia, X na Y, kama tulizonazo sisi binadamu, ingawa hatuna undugu nao katika jambo hilo hata chembe.

Nimesema maelezo hayo ndiyo yanayokubaliwa zaidi, si kwamba mimea yote imefuata njia moja. Mingine ilianzia kwenye hali ya muhindi, yaani maua mbalimbali kwenye shina moja, kisha taratibu mashina yakaegemea upande mmoja. Jeni zenyewe nazo hutofautiana. Zile zinazoamua jinsia katika mkiwi, tunda lile la kijani linalouzwa madukani, si zile za mtende wala za mpapai. Kila ukoo ulijitafutia ufunguo wake.

Turudi basi kwa mshtakiwa wetu.

Mpapai ni mgeni kwetu. Ulitoka Amerika ya Kati na kuvuka bahari baada ya Wahispania na Wareno kufika huko. Lakini ukoo wake si mgeni. Katika misitu ya milimani ya Kenya, Tanzania na Malawi, Usambara ikiwemo, kuna mti mrefu wenye shina la miiba uitwao kitaalamu Cylicomorpha parviflora. Huo ni ndugu wa mpapai, nao una madume na majike. Fernanda Carvalho na Susanne Renner waliposoma jeni za ukoo mzima, walionyesha mwaka 2012 kwamba tawi lililobaki Afrika ndilo la kale, na kwamba mababu wa mpapai walivuka kutoka Afrika kwenda Amerika ya Kati kama miaka milioni 35 iliyopita. Mpapai ulipoletwa pwani yetu kwa majahazi na merikebu, ulikuwa unarudi bara la wazee wake. Jambo hili hunifurahisha kila ninapolikumbuka, na sioni sababu ya kulificha.

Takriban spishi zote za ukoo huo zina madume na majike yaliyotengana. Mpapai wa shambani, ule tuulao, una aina tatu: dume, jike na wa jinsia mbili. Dume ndio huo wenye vikonyo virefu. Jike unatoa maua makubwa karibu na shina, na ukilipasua ua lake unakuta ovari ya mviringo bila stameni hata moja. Wa jinsia mbili una ua lenye vyote, na ovari yake ni ndefu, ndiyo maana papai lake huwa refu, lenye nyama nene na uwazi mdogo ndani. Papai la jike huwa la mviringo zaidi, lenye uwazi mkubwa.

Jinsi jinsia hizo zinavyorithiwa ilielezwa mwaka 1938 na watafiti wawili waliofanya kazi kila mmoja kwake: J. D. J. Hofmeyr wa Afrika Kusini na W. B. Storey wa Hawaii. Jike una X mbili. Dume una X na Y. Wa jinsia mbili una X na Y ya namna nyingine. Mbegu inayorithi Y mbili, za aina yoyote, hufa ndani ya tunda kabla haijakomaa. Inaelekea eneo lile la Y lililoacha kuchanganyika limepoteza kitu ambacho mmea hauwezi kuishi bila nakala yake moja iliyo nzima, na nakala hiyo iko kwenye X.

Kutoka hapo mkulima anaweza kupiga hesabu yake mwenyewe. Jike likichavushwa na dume, mbegu zitatoa madume na majike nusu kwa nusu. Hiyo ndiyo asili ya madume mengi vijijini: tunalila papai la mviringo la jirani, tunaanika mbegu, tunapanda, na nusu ya shamba inatoka dume. Jike likichavushwa na mti wa jinsia mbili, hutoka majike na ya jinsia mbili nusu kwa nusu, bila dume. Mti wa jinsia mbili ukijichavusha, theluthi mbili ya miche huwa ya jinsia mbili na theluthi moja majike. Mwenye nafasi ya kununua au kuchagua mbegu za mti wa jinsia mbili uliojichavusha hatapata dume hata mmoja, wala hatalihitaji, kwa kuwa miti yake itajitosheleza. Lakini wengi wetu tunapanda mbegu za papai tulilokula, na kwa sisi hao habari ya dume haijaisha.

Hiyo Y ya namna nyingine ina hadithi yake. Mwaka 2015 mtafiti Robert VanBuren na wenzake walilinganisha Y ya dume na ile ya miti ya jinsia mbili, wakakuta zinafanana mno, zimeachana miaka kama 4,000 tu iliyopita. X na Y zenyewe ziliachana mamilioni ya miaka kabla ya hapo. Miaka 4,000 ni wakati ambao watu wa Amerika ya Kati walikuwa wameshaanza kulima. Kwa maneno mengine, mti wa jinsia mbili hauelekei kuwa kazi ya pori. Inaonekana ulitokea dume mmoja aliyezaa matunda, akaonwa na mkulima asiyejulikana jina, na mkulima huyo akaweka mbegu. Jambo hilohilo lilitokea kwa mzabibu. Mizabibu ya porini ina madume na majike. Ile iliyopandwa Dodoma ina maua ya jinsia mbili. Pilipili manga nayo kwa sehemu kubwa ilitengana jinsia huko porini India, na ile tunayoilima ina jinsia mbili. Asili ilitenganisha, mkulima akaunganisha, kwa sababu mkulima hana subira na mti usiozaa.

Nazungumzia mpapai dume aliyezaa, nawe bila shaka umewahi kumwona: papai dogo linaning'inia kwenye mkia mrefu. Watu husema huo mti ulipigiliwa misumari, au ulikatwa kichwa, au ulizungushiwa waya, ukaogopa ukazaa. Ukweli ni kwamba jike habadiliki, lakini dume na mti wa jinsia mbili huyumba, kwa sababu joto, ukame au baridi vinaweza kuacha ovari ikue katika maua machache. Msumari hauwezi kubadilisha kromosomu. Unachofanya ni kujeruhi mti, na kama ungezaa, ungezaa hata bila msumari.

Sasa nafika kwenye ushahidi ninaoutegemea zaidi katika kesi hii.

Maua ya mpapai hutoa harufu jioni. Harufu hiyo huwaita nondo wakubwa wenye ulimi mrefu, wale wanaoelea mbele ya ua kwa mabawa yanayopiga haraka hata usiyaone. Wanafuata mbochi, yaani maji matamu ya ua. Maua dume yana mbochi. Maua jike hayana chochote. Mtaalamu wa mimea Herbert Baker alieleza mwaka 1976 kwamba nondo hutembelea ua jike kwa kukosea, akidhani ni dume. Anakuja na chavua mwilini, anatafuta mbochi, hapati, anaondoka. Lakini chavua imeshaachwa.

Tazama basi maana yake. Mti jike, ule tunaoutunza na kuusifia, hauwalishi wachavushaji wake. Unaishi kwa mkopo wa dume. Dume ndiye anayewafanya nondo warudi kila jioni. Ukiyakata madume yote, hujaondoa chavua tu, umefunga na meza waliyokuwa wakila wageni, nao watakwenda kwingine. Ndipo matunda machanga yanapoanza kudondoka, na mwenye shamba analaumu udongo au mbolea.

Dino Martins, mtaalamu wa wadudu kutoka Kenya, pamoja na Steven Johnson wa Afrika Kusini, walichunguza nondo hao kwenye mashamba ya mipapai nchini Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Walionyesha kwamba uchavushaji unategemea umbali wa shamba kutoka kwenye uoto wa asili na hali ya uoto huo. Viwavi wa nondo hao hawali mpapai. Wanakula mimea ya porini. Kwa hiyo kichaka kilichoachwa kando ya shamba nacho kinachangia papai, ingawa hakuna anayekiandika kwenye hesabu za mavuno.

Sitaki kuficha upande wa pili. Kutengana jinsia kuna udhaifu wake, na mkulima wa mkungumanga anaujua kuliko mtu yeyote. Mti huo, asili yake visiwa vya Banda huko Indonesia, ukipandwa kwa mbegu hukaa miaka sita hadi minane kabla ya kutoa maua. Muda wote huo hujui kama unamwagilia jike au dume. Nusu watatoka madume, na shamba linahitaji dume mmoja tu kwa majike kama kumi. Ndiyo sababu wataalamu wanasisitiza kubebesha vijitawi vya mti jike juu ya miche. Ninapoiona kungumanga moja kwenye pilau au ndani ya halua, namkumbuka mtu aliyesubiri miaka minane akaambiwa mti wake ni dume.

Udhaifu mwingine ni upweke. Mbegu moja ya mmea wa namna hii ikifika mahali papya haiwezi kuanzisha ukoo. Mwaka 2005 watafiti Sarah Sallon na Elaine Solowey waliotesha kokwa ya tende yenye umri wa kama miaka 2,000 iliyochimbuliwa Masada, karibu na Bahari ya Chumvi. Ikaota. Wakauita mche Methuselah. Ulipotoa maua, ukawa dume. Ilibidi kuotesha kokwa nyingine za kale mpaka apatikane jike, Hannah, ambaye alichavushwa na Methuselah na kutoa tende mwaka 2020. Ndiyo maana ungetarajia visiwa vya mbali viwe na mimea michache ya namna hii. Lakini Hawaii, iliyo mbali na kila bara, ina nyingi mno, kama asilimia 15 ya mimea yake ya asili ya maua. Sehemu yake ilifika kwenye matumbo ya ndege, mbegu kadhaa kwa pamoja. Sehemu nyingine, kama ukoo wa Schiedea, ilifika na jinsia zote mbili na ikatengana ikiwa hukohuko kisiwani, pale ambapo kujioa kulikuwa kumeshaanza kuwaumiza watoto.

Msikilizaji, muda unanifukuza, kwa hiyo nimalizie kwa yanayofanyika shambani. Jinsia ya mpapai haionekani kwenye mche. Kuitambua mapema kunahitaji kipimo cha maabara. Basi kama hujui mbegu zako zimetoka mti gani, weka miche mitatu katika shimo moja. Subiri maua. Yakitoka, angalia kikonyo: kirefu chenye matawi na viua vyembamba ni dume, kikiwa kifupi chenye maua manene karibu na shina, pasua ua moja uone kama lina stameni. Bakiza mti mmoja kila shimo. Katika mashimo machache uache dume, mmoja kwa majike kumi hadi ishirini na tano, na usiyaweke yote kona moja ya shamba. Na kama una mipapai miwili tu uani, na dume ni wa jirani, mwombe asiukate.